Mwanga wa Jioni Unakopwa Asubuhi

Kila Oktoba inapokaribia kwisha, ubao wa chaki nje ya banda umiza hubadilika bila maelezo. Mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza tulizozoea kuanza saa 11 jioni sasa ni saa 12, na zile za Ligi ya Mabingwa zinaruka kutoka saa 4 usiku hadi saa 5, wakati ambao mwenye kibarua cha asubuhi angepaswa kuwa kitandani. Mteja akiuliza, mwenye banda humjibu kwa mkato kwamba Wazungu wamerudisha saa nyuma. Machi wataipeleka mbele tena, na ubao utafutwa uandikwe upya. Kwetu habari huishia hapo, na pengine ndiyo maana mjadala wa saa unaoendelea Ulaya na Marekani hutufikia kama kioja cha watu waliokosa la kufanya.

Oktoba 2025 mjadala huo ulipamba moto tena pande zote mbili za Atlantiki. Tarehe 20, Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, alitangaza kwamba serikali yake itauomba Umoja wa Ulaya kukomesha utaratibu wa kubadili saa mara mbili kwa mwaka. Siku chache baadaye, huko Washington, jaribio la kupitisha kwa ridhaa ya maseneta wote muswada uitwao Sheria ya Kulinda Mwanga wa Jua, unaotaka saa zikishasogezwa mbele zisirudishwe tena, lilikwama baada ya Seneta Tom Cotton wa Arkansas kuupinga. Wengi walizisoma habari hizi kama moja: dunia imechoka kuchezea saa, na kuna wakorofi wachache wanaozuia. Hapo ndipo penye kosa. Yapo maswali mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja. La kwanza ni kama tuache kubadili saa. La pili, ambalo karibu kila mtu hulirukia bila kulitazama, ni saa ipi ibaki ukutani siku hiyo ya kuacha. Rais Donald Trump mwenyewe aliyachanganya: Desemba 2024 aliahidi kwamba chama chake kitajitahidi kufuta saa za kiangazi, yaani zile za mbele zinazoanza Machi, halafu Aprili 2025 akalitaka Bunge lipiganie mwanga zaidi mwisho wa siku, yaani saa hizohizo za kiangazi zidumu mwaka mzima. Hayo ni mambo mawili yanayopingana.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Katika njia tatu zilizopo, yaani kuendelea kubadili, kubaki na saa za kawaida mwaka mzima, au kubaki na saa za kiangazi mwaka mzima, hii ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi na wanasiasa na ndiyo mbaya kuliko zote. Seneta Cotton, ambaye sikubaliani naye katika mengi, katika hili alikuwa sahihi.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kuliona jambo hili kwa urahisi kuliko Mwingereza, kwa kuwa saa yetu inaanza kuhesabiwa palipokucha. Saa 1 asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na saa 12 jioni ni ya mwisho. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa 12 alfajiri na halichelewi hata kufika saa 1, iwe Juni au Desemba, kwa hiyo lugha na mbingu hazigombani. Ukimwambia bibi yangu kwamba kuna mji ambako saa 3 asubuhi bado ni giza totoro, atakuuliza sasa kwa nini wanaiita saa 3. Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Ukienda mbali na ikweta, mchana hurefuka na kufupika kama mpira wa kuvutwa: London hupata zaidi ya saa 16 za mwanga siku ya katikati ya Juni, na chini ya saa 8 siku ya katikati ya Desemba. Bila kugusa mishale, jua la Juni lingechomoza London kabla ya saa 10 alfajiri, wakati mji mzima umelala.

Ziada hiyo ya alfajiri ndiyo iliyomkera William Willett, mjenzi wa nyumba wa kusini mwa London, hata mwaka 1907 akachapisha kijitabu cha kulalamikia mwanga unaopotea bure. Alipendekeza saa isogezwe mbele kwa dakika 80, kidogo kidogo, dakika 20 kila Jumapili kwa wiki nne. Kabla yake, mwaka 1895, George Hudson wa New Zealand alikuwa amependekeza saa 2 nzima, maana alipenda kukusanya wadudu akitoka kazini na giza lilikuwa likimkatisha. (Wazo lililoibua mabishano ya karne nzima lilitokana na mtu aliyetaka kufukuza wadudu jioni, sijui kama kuna sera nyingine yenye asili nzuri kama hiyo.) Willett alikufa mwaka 1915 bila kuona matunda. Mwaka uliofuata Ujerumani, ikiwa vitani na ikibana matumizi ya makaa ya mawe, ilisogeza saa zake usiku wa Aprili 30, na Uingereza ikafuata Mei 21. Hadithi inayorudiwa kila mwaka kwamba jambo hili lililetwa kwa ajili ya wakulima haina kichwa wala miguu. Wakulima walilipinga. Ng'ombe anakamuliwa kiwele kikijaa na nyasi hukatwa umande ukikauka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosoma saa.

Sasa tazama Willett alichokuwa akikifanya. Alichukua mwanga wa alfajiri ambao hakuna aliyeutumia, akaupeleka jioni ambako kila mtu aliuhitaji. Huo ulikuwa mkopo kutoka kwa tajiri: asubuhi ya Juni ina mwanga wa kugawa. Mjadala wa leo hauhusu Juni. Juni saa zimekwisha kusogezwa na hakuna anayelalamika sana. Wanaotaka saa za kiangazi zidumu mwaka mzima wanaomba mkopo uleule kutoka kwa asubuhi ya Desemba, ambayo yenyewe ni fukara. Niliishi Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, majira mawili ya baridi. Katikati ya Desemba jua linachomoza kama saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 na nusu alasiri. Sogeza saa mbele, na jua litachomoza saa 4 kasorobo na kuzama kabla ya saa 10 na nusu. Mtumishi wa ofisi anatoka kazini saa 11 jioni. Gizani aliingia, gizani anatoka, na ule mwanga wa jioni alioahidiwa umepita nje ya dirisha akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata kazi ya asubuhi anaianza jua halijachomoza. London, iliyo kusini zaidi, nayo ingeukosa mwanga huo kwa dakika chache tu: jua lingezama kama saa 11 kasoro dakika 7, na kuchomoza baada ya saa 3 asubuhi.

Hatuhitaji kubahatisha matokeo yake, maana yamejaribiwa. Uingereza ilisogeza saa mbele Februari 1968 na haikuzirudisha hadi Oktoba 1971. Jaribio hilo linastahili kutazamwa kwa haki, kwa sababu ndilo linalowapa watetezi wa mwanga wa jioni hoja yao bora. Ajali za asubuhi ziliongezeka, lakini za jioni zilipungua zaidi, na hesabu iliyokuja kutolewa ni kwamba katika majira mawili ya kwanza ya baridi watu wapatao 2,500 waliepuka kifo au majeraha makubwa barabarani. Sababu yake inaeleweka: jioni barabara zina magari mengi, madereva wamechoka, watoto wametawanyika wakicheza badala ya kwenda shule kwa mstari mmoja, na walevi wako njiani. Tatizo ni kwamba Oktoba 1967, miezi minne tu kabla ya jaribio, polisi wa Uingereza walianza kuwapima madereva ulevi kwa kifaa cha kupulizia, na ni vigumu kutenganisha kazi ya kifaa na kazi ya saa. Nakubali hata hivyo kwamba sehemu ya nafuu ile ilitokana na mwanga. Mwenye kupinga jambo hili bila kukubali hilo anadanganya. Lakini wananchi walioyaishi majira hayo, hasa wa Uskoti na kaskazini mwa England, hawakushawishika, na Desemba 1970 Bunge lilipiga kura 366 dhidi ya 81 kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Marekani haikudumu hata kiasi hicho. Katika mgogoro wa mafuta, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya saa za kiangazi za mfululizo, ikaanza Januari 6, 1974, katikati ya baridi. Mwezi mmoja kabla, asilimia 79 ya Wamarekani waliunga mkono. Februari walikuwa asilimia 42. Watoto waligongwa na magari wakienda shule gizani, na gavana wa Florida, Reubin Askew, akaomba sheria ifutwe baada ya vifo katika jimbo lake. Oktoba mwaka huohuo Rais Gerald Ford alitia saini marekebisho ya kurudisha saa za kawaida katika miezi ya baridi. Urusi ilifanya hivyo mwaka 2011 chini ya Dmitry Medvedev, na mwaka 2014 ikageuka na kubaki na saa za baridi, yaani za kawaida. Ureno ilikuwa na ladha yake: mwaka 1992 ilihamia saa za Ulaya ya kati ili iende sambamba na majirani zake kibiashara, na mwaka 1996 ikarudi ilikotoka, moja ya malalamiko makubwa yakiwa watoto waliokwenda shule usiku. Nchi nne zenye siasa tofauti kabisa zilijaribu jambo linalofanana na zikarudi nyuma.

Ndiyo maana hoja inayonisumbua zaidi ni ile inayosema wananchi wamekwisha kuamua. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya ilikusanya maoni, ikapata majibu milioni 4.6, rekodi ambayo haijawahi kuonekana, na asilimia 84 walitaka kubadili saa kukome. Bunge la Ulaya likapitisha pendekezo Machi 2019 kwa kura 410 dhidi ya 192, na tangu hapo limelala kwenye baraza la mawaziri wa nchi wanachama. Wanaolalamikia kulala huko husahau mambo mawili. Kwanza, majibu yapatayo milioni 3 yalitoka nchi moja tu, Ujerumani. Pili, maoni yalikusanywa kuanzia Julai 4 hadi Agosti 16. Unamuuliza mtu aliyekaa barazani saa 3 usiku, jua likiwa bado linamulika bilauri yake, kama angependa hali hii idumu. Ni sawa na kumuuliza mtu aliyetoka kula pilau ya Idi kama njaa ni tatizo. Takwimu za Nixon zinaonyesha tofauti kati ya kura ya kabla na kura ya baada ya kuamka gizani wiki sita mfululizo.

Hoja ya kuokoa umeme naitaja kwa kuwa bado inatajwa, ingawa ndiyo dhaifu kuliko zote. Ilikuwa na maana enzi za Willett, taa zilipokuwa ndizo zinazokula nishati ya nyumba. Jimbo la Indiana, ambalo sehemu zake nyingi hazikuwa zikibadili saa, lilianza kufanya hivyo jimbo zima mwaka 2006, na watafiti waliolinganisha bili za kabla na baada waligundua matumizi ya umeme majumbani yalipanda kwa takriban asilimia 1. Jioni yenye jua ni jioni yenye joto, na viyoyozi vikawashwa. Hoja ya biashara angalau ni ya kweli: Marekani ilipokuwa ikijadili kurefusha saa za kiangazi katika miaka ya 1980, wenye viwanja vya gofu na watengenezaji wa mkaa wa kuchomea nyama walikuwa mstari wa mbele kushawishi wabunge. Hoja ya uhalifu nayo ina uzito. Uchambuzi wa kipindi cha baada ya Marekani kuongeza wiki za saa za kiangazi mwaka 2007 ulionyesha uporaji ukipungua, hasa katika ile saa ya machweo. Upande wa pili wa mizani kuna mwili wa binadamu. Mwanga wa asubuhi ndio unaouamsha ubongo na kuuambia siku imeanza, na ukichelewa, usingizi nao huchelewa usiku huku kengele ya kazi ikibaki palepale. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitamka mwaka 2020 kwamba kubadili saa kukomeshwe, na kwamba saa ya kubaki iwe ya kawaida, si ya kiangazi. Madaktari wanakubaliana na wanasiasa kwenye swali la kwanza na kuwakatalia kabisa kwenye la pili, lakini vichwa vya habari huishia kwenye makubaliano.

Jiografia pia inaeleza ni nani anayesukuma gari hili. Muswada wa Marekani ulipopita kwenye Seneti Machi 2022, kinara wake alikuwa Marco Rubio wa Florida. Aliyeubeba baada yake ni Rick Scott, wa Florida pia. Miami iko kusini kiasi kwamba hata Desemba jua lingechomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama baada ya saa 12 na nusu jioni, na watalii wangebaki ufukweni. Kwa Miami ni biashara nzuri. Detroit, iliyo ukingoni magharibi mwa ukanda wa saa uleule, ingengoja jua hadi saa 3 asubuhi. Minnesota, wanakoishi Wakenya na Wasomali wengi, alfajiri ya Desemba ingeingia baada ya saa 1 asubuhi, na Mwislamu anayeanza zamu saa hiyo angelazimika kuswali kazini sala ambayo leo anaiswali nyumbani kabla ya kutoka. Wayahudi wanaoshika sana dini wametoa malalamiko kama hayo kuhusu sala yao ya asubuhi. Moroko, ambayo tangu Oktoba 2018 imebaki na saa za mbele, huzirudisha nyuma kila Ramadhani ili futari isichelewe kwenye saa ya ukutani. Yaani hata serikali iliyochagua jioni ndefu inajua kuna mwezi mmoja ambao wananchi hawatavumilia.

Ipo hoja moja ya kutetea kubadili saa ambayo naiheshimu, na Willett aliielewa vizuri. Ukitaka watu waamke mapema, kwa nini usiwaambie tu waamke mapema? Kwa sababu haiwezekani kwa mmoja mmoja. Mwenye duka hafungui mapema kama wateja hawajafika, wateja hawafiki kama basi halijaanza, na basi haliendi kabla ya dereva wake kumpeleka mtoto shule. Saa ni hila ya kuwasogeza wote kwa pamoja bila kumwomba yeyote. Hata hivyo hila siyo njia pekee. Novemba 2022 serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2023 kazi za ofisi zianze saa 3 asubuhi na kuisha saa 11 jioni, na shule zianze saa 2 na nusu, ili watoto walale vya kutosha na wazazi wapate muda nao. Mishale haikuguswa. Ratiba ndiyo iliyoguswa, wazi, kwa tangazo lenye sababu, na asiyeipenda anajua nani wa kumlalamikia. Kenya nayo, kwa kanuni zake za elimu ya msingi za mwaka 2015, iliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, ingawa yeyote anayeishi Nairobi ameyaona mabasi ya shule yakizunguka kabla hakujapambazuka.

Nasi tusijione tuko nje ya mchezo huu. Bujumbura na Kigoma ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kando ya ziwa moja, na jua huzifikia karibu dakika ileile. Lakini Burundi inafuata saa za Afrika ya kati na Tanzania za Afrika Mashariki, hivyo mvuvi wa Kigoma akisema saa 1 asubuhi, mwenzake wa Bujumbura anasema saa 12. Kigoma inaishi na jioni yenye mwanga mwaka mzima, bila muswada wala seneta, kwa sababu saa yake imepangwa kwa jua la pwani. Hapo inavumilika kwa kuwa asubuhi ya karibu na ikweta haipotei kamwe, inachelewa tu kwa nusu saa na ushei. Hispania haina bahati hiyo. Iko magharibi kama Uingereza, lakini tangu mwaka 1940, chini ya Jenerali Franco, inafuata saa za Berlin, kwa hiyo hata saa zake za baridi ziko mbele ya jua.

Sánchez alipotangaza pendekezo lake, swali la saa ipi ibaki ndilo alilopaswa kuulizwa kwanza. Ikibaki ya baridi, sina ugomvi naye. Ikibaki ya kiangazi, basi Januari huko Vigo, pwani ya kaskazini-magharibi, jua litachomoza kama saa 4 asubuhi, wakati watoto wamekwisha kumaliza kipindi cha kwanza na taa za darasani bado zinawaka.